Nishati ya Kitu Kinachobingirika: Je, "Mzunguko" Unatosha?

Mtafsiri wa fizikia akutanapo na nishati ya kitu kinachobingirika, huvutwa kuiita "nishati ya mzunguko". Kwa maoni yetu istilahi hiyo ina kasoro, nayo kasoro hiyo humpotosha mwanafunzi hata katika hesabu.

Natuchukue mfano wa Pasiansi, Mwanza, penye miteremko ya mawe. Ringi tupu ya baiskeli na gogo lililochongwa mviringo viachiwe pamoja, vibingirike bila kuteleza. Gogo litatangulia, liwe zito au jepesi. Vikishuka kimo cha meta 1, bila kuhesabu ukinzani wa hewa, ringi itakuwa na mwendo wa meta 3.1 kwa sekunde na gogo meta 3.6, kitu kinachoteleza pasipo msuguano kingefikia meta 4.4. Sababu ni kwamba ringi, ambayo maada yake yote iko ukingoni, hutumia nusu ya nishati yake katika kujizungusha. Gogo hutumia theluthi moja tu. Mwanafunzi asiyetenga sehemu hizo mbili atapata 4.4 kwa vyote, naye atakosa.

Basi istilahi haina budi kuzitenga. "Mzunguko" hauzitengi vyema, kwa kuwa neno hilo hutumika pia kwa njia ya sayari kulizunguka jua, na hata kwa mzunguko wa fedha. Lakini lugha yetu imekwisha kutoa dawa: walimu wa jiografia husema kwamba dunia hulizunguka jua na hujizungusha katika mhimili wake. Kiambishi "ji" kinabeba tofauti yote tunayoihitaji.

Kwa hiyo twapendekeza "nishati mwendo" ibaki kuwa jina la jumla, na chini yake ziwepo "nishati ya kusonga" na "nishati ya kujizungusha". Kubingirika ni kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Wapo watakaosema kwamba majina haya ni marefu. Hatukatai, lakini ufupi unaozaa utata si fadhila katika sayansi.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya darasani na katika kazi zao, kisha watuletee hoja zao kabla ya istilahi hizi kusanifiwa.