Mwalimu wa kroshe aliyeachia wengine njia

Kati ya walimu wa kroshe, mmoja tunaona anafaa kufuatwa: Mary Card wa Australia (1861–1940). Alikuwa mwalimu wa masomo. Masikio yalipoziba, akaacha darasa na kushika uzi. Mifano ya vitambaa vya meza aliichora juu ya karatasi ya vyumba, kama ile ya kaye ya hesabu: chumba chenye alama unajaza, kisicho na alama unaacha wazi. Hata asiyejua Kiingereza anahesabu tu, na kazi inatoka. Tena hakubaki na mawaridi ya Ulaya peke yake: alitia maua na ndege wa kwao.

Kasoro iko. Chumba kina pembe nne, kwa hiyo ua la mviringo linatoka na ngazi-ngazi pembeni. Lakini njia aliiachia wengine. Kwetu wamama wengi mafundi wanaweka mufano mu kichwa tu. Mwanafunzi anaiga kwa macho, na mama akifa, ua linazikwa naye. Wamama, mukamate kaye, muchore! Majani ya muhogo wetu, nani mwingine atayafuma?