Fyuzi Haimlindi Mtu

Mwenye nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Zanzibar, akiona taa zinafifia kila kiyoyozi kinapowaka, huita fundi umeme, na fundi huja na soketi mpya. Soketi zinaonekana, kwa hiyo ndizo zinazolipiwa. Lakini katika nyumba iliyotandazwa nyaya miaka sitini iliyopita, soketi ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza iko chini ya ardhi, ya pili iko kwenye boksi la breka.

Mafundi wa zamani hawakukosea. Walipewa nyumba ya taa chache, redio na pasi, wakaifanyia hesabu yake. Taa tano za wati 60 ni wati 300. Kwa volti 230, hiyo ni ampea 1.3 tu. Waya mwembamba uliovikwa mpira ulitosha, na fyuzi ya kigae yenye uzi wa kuungua iliulinda. Leo birika la umeme la wati 2,000 peke yake linavuta ampea 8.7. Hita ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5,000 inakaribia ampea 22, ilhali waya wa milimita 1.5 za mraba ndani ya bomba hubeba takriban ampea 15.

Joto la waya halipandi sawasawa na mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Waya hauungui siku hiyo hiyo. Mpira unakauka, unapasuka, na mwishowe unapukutika ukiguswa, hasa penye vishikio vya balbu ambako joto limekaa miaka mingi. Ndiyo maana katika nyumba kama hizi shoti huanza siku mtu anapobadilisha kishikio tu: amekunja waya uliokuwa umetulia.

Fyuzi ikiungua mara kwa mara, mtu hukata uzi wa shaba kutoka kipande cha waya na kuuweka mahali pake. Tangu siku hiyo kitakachoungua kwanza si fyuzi tena, ni waya uliomo ukutani. Kosa hilo hurudiwa kisasa pale breka ya ampea 15 inapotolewa na kuwekwa ya 32 ili “isikatekate”. Breka huchaguliwa kwa kuangalia waya, si kwa kuangalia kifaa. Ukitaka hita, vuta waya wake mnene kutoka kwenye boksi, kisha ndipo uweke breka kubwa.

Hata hivyo, breka sahihi na fyuzi sahihi hulinda waya tu. Tuchukue friji ambayo waya wake wa moto umegusa bodi. Nyumba zetu nyingi hutegemea rodi ya ethi iliyopigwa ardhini. Katika mchanga na mawe ya matumbawe, hasa kiangazi ardhi ikikauka, tuseme rodi hiyo ina ukinzani wa omu 50. Gawanya 230 kwa 50: zinapita ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haina habari. Bodi ya friji inabaki na karibu volti zote 230, mita inahesabu, na mtoto anakuja peku kuchukua maji. Miliampea 50 kupita kifuani zinaweza kumuua. Breka inasubiri zaidi ya miliampea 20,000 kabla ya kushtuka.

Kinachomlinda mtu ni breka ya uvujaji, ile mafundi wanayoiita RCD, yenye kitufe cha T. Hupima mkondo unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata ndani ya sekunde 0.3. Kwake, zile ampea 4.6 ni zaidi ya mara 150 ya kinachohitajika. Bila rodi pia ingekata, lakini ingengoja umeme upite mwilini mwa mtu kwanza. Rodi huifanya ikate kabla mtu hajagusa. Ndiyo maana viwili hivi havitenganishwi.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. RCD mpya ikifungwa kwenye nyumba kongwe hukata kila saa, mwenye nyumba hulalamika, na fundi huiruka kwa kipande cha waya. Mara nyingi breka hiyo ni nzima: ama nyaya zenye unyevu zinavuja kweli, ama nyutro za saketi mbili zimechanganywa, kama ile ya taa ya ngazi iliyounganishwa juu na chini. Dawa ni kupima ukinzani wa ganda la nyaya za kila saketi kwa mega ya volti 500, umeme ukiwa umezimwa na vifaa vimechomolewa. Saketi isiyofika megaomu moja inachunguzwa, na waya wake mbovu unatolewa.

Kupitisha nyaya mpya nako kuna hesabu yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, zina unyevu na chumvi. Bomba la chuma huliwa na kutu humo, na kuchimba mifereji hulegeza mawe. Afadhali mabomba ya plastiki yapite juu ya ukuta, yafuate boriti, na viungio vyote vikae kwenye maboksi yanayofunguka. Ukarabati katika Mji Mkongwe pia unahitaji kibali cha mamlaka ya uhifadhi.

Fundi asiamini rangi. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, bluu ilikuwa mojawapo ya nyaya tatu za moto na nyeusi ilikuwa nyutro. Katika mpya, bluu ndiyo nyutro na nyeusi inaweza kuwa ya moto. Nyumba iliyoongezwa vyumba huweza kuwa na rangi za mifumo yote miwili, kwa hiyo kila waya upimwe. Na wale walionunua jenereta Unguja ilipokaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 kwa miezi mitatu, waangalie kama wana swichi ya kubadilisha. Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi hurudisha umeme mtaani kwa fundi wa shirika la umeme aliye juu ya nguzo.

Bajeti ikiwa ndogo, mpangilio ni huu: rodi na RCD kwanza, breka zilizolingana na nyaya, kisha saketi ya jiko na bafu, halafu vyumba, soketi mwisho. Siku ya kukabidhiwa kazi, usimpime fundi kwa kuwasha taa, maana taa huwaka hata kwenye wayaringi mbovu. Mwambie akuandikie ukinzani wa rodi na usomaji wa mega wa kila saketi, abonyeze T mbele yako, ndipo umalizie malipo.