Wino Usiofutika: Rembrandt na Watu wa Amsterdam

Rembrandt (1606–1669) husifiwa kwa picha zake za rangi, na sifa hizo ni haki yake. Lakini aliye karibu zaidi nasi wapenzi wa mashairi ni yule Rembrandt wa vikaratasi na wino wa hudhurungi. Alichorea unyoya, na baadaye pia kalamu ya mwanzi, ndugu ya ile waliyoishika wanakili wa misahafu kule Siyu. Wino haufutiki, mkono ukiteleza, kosa huonekana hadi leo.

Tazama mchoro wa mtoto anayefundishwa kutembea, wa mnamo 1656, uliomo British Museum, London. Wanawake wawili wamemshika huku na huku, mwanamume amechutama mbele yao na kumnyoshea mikono, na nyuma anapita mwuza maziwa na ndoo yake. Wote hao ni mistari michache mno, na bado twajua kuwa ndoo imejaa. Malenga aliyetimiza mizani haongezi silabi.

Kwa rafiki, mkono ulilegea. Jan Six, tajiri aliyekuwa pia mtunzi, amechorwa kasimama dirishani, mbwa akimrukia. Katika picha iliyochapwa kwa bamba la shaba mwaka 1647, mbwa ameondolewa na Six anasoma kwa utulivu. Mimi nampenda yule wa mbwa.

Gumu zaidi ni michoro miwili ya 1664, iliyoko Metropolitan Museum, New York. Elsje Christiaens, msichana wa miaka 18 kutoka Denmark, alimwua kwa shoka mwanamke aliyempangisha chumba, kwa ugomvi wa kodi. Alinyongwa, na maiti yake ikafungwa kwenye nguzo ng'ambo ya maji, shoka likining'inia kando ya kichwa. Hendrickje, mwenzi wa Rembrandt, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Cornelia, binti yao, alikuwa na miaka tisa.

Wako wanaouona mkono huo kuwa baridi. Siwakubalii. Hakuchora umati wala hakuhubiri. Alichora kamba zilizomkaza, mikono iliyolegea, na uso wa binti wa watu. Kwa aliyekwenda kutazama tu, mchoro mmoja ungetosha. Rembrandt alimchora kwa mbele na kwa ubavuni. Akachovya wino tena, akaanza upya.