Kafeini na Seli Zinazoulea Uvimbe wa Titi

Uvimbe wa saratani ya titi si rundo la seli za saratani peke yake. Ndani yake mna mishipa ya damu, seli za kinga, na nyuzi zinazotengenezwa na seli ziitwazo fibroblasti, ambazo kazi yake ya kawaida ni kushikilia tishu na kuziba vidonda. Zikikaa jirani na saratani, fibroblasti hizi hubadilika. Hujaa protini ya kujikunja iitwayo alfa-SMA, ile ile inayojitokeza kidonda kinapojivuta ili kifunge, kisha humwaga kemikali zinazoichochea saratani. Mwaka 1986 Harold Dvorak aliufananisha uvimbe na kidonda kisichopona. Mwaka 2005 maabara ya Robert Weinberg, Marekani, ikaonyesha kwamba fibroblasti zilizotolewa kwenye saratani ya titi huukuza uvimbe ndani ya panya zaidi kuliko fibroblasti za tishu nzima, na kwamba kemikali moja, SDF-1, inachangia sana. Hata hivyo, dawa nyingi zinaendelea kulenga seli za saratani zenyewe na kuwaacha walezi wake, yaani fibroblasti hizi.

Jaribio la Al-Ansari na Aboussekhra wa King Faisal Specialist Hospital, Riyadh, lililochapishwa mwaka 2014, liliwageukia walezi hao. Fibroblasti kutoka saratani za matiti ziliwekewa kafeini, kisha zikachunguzwa. Protini zinazozuia saratani, yaani p16, p21, p53 na kaveolini-1, ziliongezeka. Alfa-SMA ilipungua, na pamoja nayo IL-6, TGF-beta, SDF-1 na MMP-2, kimeng'enya kinachokata nyuzi za tishu na kuipa saratani njia ya kupenya. Fibroblasti zenyewe zilipunguza kutambaa, kwa sababu protini ya PTEN ilizima ishara za Akt na Erk. Athari hiyo haikuishia kwenye fibroblasti: uwezo wake wa kuzichochea seli za saratani kwa kemikali zinazomwagwa, ili zisogee na kupenya, nao ulishuka. Kichocheo cha kuotesha mishipa mipya ya damu, VEGF-A, kilipungua vilevile.

Lakini kipimo kilicho muhimu kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kile cha kuiondoa kafeini. Kafeini tunayoijua hufanya kazi ikiwapo tu: hukalia vipokezi vya adenosini kwenye ubongo, na nusu yake huwa imeondoka mwilini baada ya saa tano hivi, usingizi ukarudi. Kama fibroblasti zingerudia tabia yake mara kafeini ilipotolewa, tungekuwa na breki ya muda tu. Hazikurudia. Mabadiliko yalidumu bila kafeini, maana yake hali ya seli yenyewe ilikuwa imegeuka. Hapo ndipo ilipo hoja yangu: jaribio hili halituthibitishii kwamba kahawa ni dawa, linatuonyesha kwamba ulezi wa fibroblasti unaweza kutenguliwa, na kwamba molekuli ndogo inatosha kuutengua.

Atakayeuliza kwa nini basi wagonjwa wasishauriwe kunywa vikombe zaidi vya kahawa, jibu limo kwenye hesabu. Kikombe chenye miligramu 100 za kafeini huacha kwenye damu takriban miligramu 2 kwa lita. Majaribio mengi ya kafeini kwenye seli hutumia milimola moja au zaidi, ambayo ni karibu miligramu 194 kwa lita, ilhali kuanzia miligramu 80 hivi kwa lita kafeini huweza kuua. Ni kweli watafiti wa Lund, Sweden, mwaka 2015, katika wagonjwa 1,090 wa saratani ya titi, waliona kwamba waliokuwa wakitumia dawa ya tamoksifeni na kunywa angalau vikombe viwili vya kahawa kwa siku walirudiwa na saratani mara chache zaidi. Matokeo hayo yanatia moyo, ila wanaokunywa kahawa hutofautiana na wasiokunywa kwa mengi, na kikombe kina vitu vingi zaidi ya kafeini. Mgonjwa asiache wala kuchelewesha matibabu kwa ajili ya kahawa.

Pingamizi zito zaidi kwa hoja yangu lilitoka kwenye kongosho. Mwaka ule ule wa jaribio la Riyadh, 2014, watafiti wa Marekani walipoziondoa myofibroblasti, yaani fibroblasti zilizojaa alfa-SMA, kwenye panya wenye saratani ya kongosho, saratani ilizidi ukali na panya wakafa mapema. Kumbe seli hizi huweza pia kuuzuia uvimbe. Wapo waliosema hapo kwamba kuzigusa ni hatari. Mimi naona ushahidi huo unaipa nguvu njia ya Riyadh, maana kule seli ziliangamizwa, huku zilitulizwa zikabaki hai. Tena mwaka huo huo maabara ya Ronald Evans, ikitumia molekuli ya jamii ya vitamini D, ilizituliza seli za aina hiyo kwenye kongosho la panya, na dawa ya saratani ikafanya kazi vizuri zaidi.

Kinachotakiwa sasa ni molekuli inayoigeuza fibroblasti kama kafeini ilivyofanya, lakini kwa kiwango ambacho damu ya mtu inaweza kukivumilia. Nafasi ya kuijaribu ipo: kati ya siku mgonjwa anapokatwa kinyama cha kupimwa na siku ya upasuaji kuna majuma kadhaa, na vipande viwili vya uvimbe ule ule vinavyoweza kupimwa alfa-SMA kabla na baada ya kupewa molekuli hiyo.