Nani Aliigusa Mizani ya 041?

Kosa lilifanyika Oktoba 2013, na halikufanyika darasani. Mwezi huo Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, Profesa Sifuni Mchome, alitangaza viwango vipya vya alama za mtihani wa Kidato cha Nne: A ianzie 75, B+ 60, B 50, C 40, D 30, kisha E ya 20 hadi 29 ichomekwe juu ya F. Divisheni ziro nayo ikatangazwa kuwa daraja la tano. Watu walilicheka hilo daraja la tano hadi jambo lenyewe likawapita. Kila mzazi wakati huo alikuwa akiuliza kama mtaala wa 2005 unafundisha hisabati au unaiua, na wakubwa wakachagua muda huohuo kubadilisha kipimo pekee kilichokuwapo.

Achukuliwe kijana wa kubuni, aketishwe Old Moshi na karatasi ya 041, yaani Hisabati ya Kidato cha Nne, mezani, atoke na alama 62. Kwa viwango vya Oktoba ana B+. Kwa viwango vinavyotumika leo, ambamo C inaanzia 45 na kuishia 64, kijana huyohuyo ana C, kwa mwandiko uleule na kwa pembetatu ileile aliyoichora. Mwenzake wa 42 alikuwa na C. Leo ana D. Yule wa 25 alikuwa na E ya kumliwaza, leo ni F kavu. Hakuna kati yao aliyejifunza wala kusahau kitu. Mkulima wa kahawa wa Kibosho hahitaji kuelezwa zaidi: mizani ya chama cha msingi ikichezewa katikati ya msimu, hakuna wa kusema kama mavuno yamepanda.

Kinachokera ni kwamba Mchome hakuwa mgeni wa jambo hili. Matokeo ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 240,903 waliambulia ziro, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Mwenyekiti wake alikuwa Mchome. Mei serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza alama zichakatwe upya kwa utaratibu wa zamani. Ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08. Karatasi zilikuwa zilezile na majibu yalikuwa yaleyale. Mtu aliyeona kwa macho yake jinsi kanuni ya kupanga madaraja inavyoweza kuokoa maelfu ya watoto bila somo hata moja la ziada ndiye aliyerudi miezi michache baadaye na kanuni nyingine tena.

Kuviweka viwango wazi ili kila shule ivijue ni jambo jema, na hapo wizara ilikuwa sahihi.

Basi mwaka 2014 ikaja GPA badala ya divisheni, na wazazi wa Majengo wakaanza kuulizana kama Merit inazidi Credit. Januari 2016 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, aliyewahi kuliongoza Baraza la Mitihani (NECTA) na ambaye upimaji ndiyo taaluma yake, akarudisha divisheni. Uamuzi safi. Lakini matokeo ya 2012, 2013, 2014 na 2015 yakaishia kusomwa kwa kanuni nne tofauti, na bado wapo wanaoyapanga kwenye grafu moja na kuchora mstari unaopanda.

Hata mizani isingeguswa, waliopimwa hawakuwa walewale. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) uanze 2004, shule za kata zilifumuka kila kona. Mtihani uliokuwa wa wachache waliochujwa ukawa wa umma, na wengi wao walifika Kidato cha Kwanza na hesabu ya Kiswahili kichwani wakakuta swali la Kiingereza. Kulinganisha wastani wa miaka hiyo na wa nyuma ili kuuhukumu mtaala ni sawa na kuringia kumi bora ya seminari inayochuja watoto kwa mtihani wa kuingilia. Heri NECTA ilivyoacha kuitangaza orodha hiyo Januari 2023.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliwahi kulinganisha vizuri kuliko wizara. Mwaka 1963, Magamba kule Lushoto, Erasto Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye friza sambamba na ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa, akaona yake yanaganda kwanza. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa akarudia kwa bika mbili za maji zenye ujazo sawa, friza moja, wakati mmoja, kilichotofautiana kikiwa joto tu. Makala yake na mwanafizikia Denis Osborne ilipotoka 1969, Mpemba alikuwa anasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapa juu ya Moshi. Hakuwa na tume.

Wizara haikuwahi kuipata bika ya pili. Mtaala wa 2005 ulishushwa nchi nzima, na mtaala mpya nao unaingia darasa baada ya darasa badala ya shule baada ya shule. Kura ingepigwa, nusu ya kata za Wilaya ya Moshi zikaanza na nusu zikasubiri miaka miwili, jibu lingepatikana bila gharama kubwa. SACMEQ, upimaji wa pamoja wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, kwa maswali yanayojirudia toka awamu hadi awamu, iliweza kuonyesha darasa la sita wa Tanzania wakipanda kwenye hisabati kutoka pointi 522 mwaka 2000 hadi 553 mwaka 2007. Karatasi ya 041 haina maswali ya namna hiyo. Kila mwaka inauzwa madukani kwa ajili ya mazoezi, kwa hiyo ufaulu uliozunguka asilimia 20 kwa miaka mingi ulipofika 25 na ushee mwaka 2023, furaha ilikuwa kubwa kuliko ushahidi.

Nafasi moja imebaki. Kundi la mwisho la mkondo wa jumla kwa mtaala wa zamani litakaa kwenye 041 mwaka 2027, na la kwanza la mtaala mpya mwaka 2028. Maswali ishirini ya siri, yaleyale, kwa sampuli ya shule zilezile, Umbwe na Weruweru pamoja na za kata zilizo jirani, yasahihishwe kwa mwongozo mmoja, kisha yafungiwe kabatini. Na viwango vya alama visiguswe mpaka makundi yote mawili yamalize.