Hadithi ya Dakika Moja

Mwaka 2011, katika mji wa Grenoble ulio chini ya milima ya Alps huko Ufaransa, ilianzishwa kampuni ndogo ya uchapishaji iitwayo Short Édition. Ilijitolea kwa kazi fupi peke yake. Miaka minne baadaye iliweka mjini humo mashine nane za kutoa hadithi bure, na tangu hapo mashine hizo zimeenea katika stesheni za treni, maktaba na hospitali, ndani na nje ya Ufaransa.

Mashine ya kawaida ni mnara mwembamba wenye vitufe vitatu: 1, 3 na 5. Hizo ni dakika. Anayesubiri treni hubonyeza kitufe kinacholingana na muda alio nao, na utepe wa karatasi hutoka, mwembamba kama risiti ya dukani, ukiwa na hadithi nzima tangu jina la mwandishi hadi nukta ya mwisho. Wino hautumiki, maana karatasi hiyo hupata maandishi kwa joto. Malipo hakuna. Skrini hakuna.

Ninachokistaajabia zaidi ni kwamba msomaji haulizwi anapenda nini. Hawezi kuagiza mapenzi wala upelelezi. Anataja muda wake, kilichobaki anamwachia mhariri. Dukani kitabu husaidiwa na jalada, na sifa zilizoandikwa nyuma yake, na jina la mwandishi anayejulikana. Utepe huu hauna msaada wowote wa namna hiyo, na aliyeushika huenda hajafungua kitabu tangu aache shule. Sentensi ya kwanza inabeba kazi yote ya kumshawishi. Ndiyo maana hadithi hupitia kwa wasomaji na wahariri kabla ya kuingizwa mashinini, na nyingi zimeandikwa na watu wasio na jina kubwa. Kwa abiria mwenye dakika tatu, umaarufu wa mwandishi hauna uzito. Anachotaka ni hadithi iliyosimama.

Kwa dakika moja mtu wa kawaida husoma maneno kama 200 hivi. Katika nafasi hiyo kila jina linalotajwa ni gharama, kila maelezo ya hali ya hewa ni gharama. Hebu tuchukue baba ambaye kila mwezi huweka vocha kwenye laini ya mwanawe aliyefariki, ili namba ile isije ikapewa mtu mwingine. Mwandishi akishaliweka tendo hilo mbele yetu, hana haja ya kutaja huzuni, mazishi, wala umri wa kijana. Akiongeza sentensi moja ya kueleza jinsi baba alivyoumia, ameharibu. Ustadi wake uko katika kujua kwamba vocha imeshasema, kisha kunyamaza.

Dakika tatu zinadai ustadi mwingine. Hapo anaweza kuingia mtu wa pili: mama anayetaka laini ifungwe, naye ana sababu zake. Dakika tano zinaruhusu yaliyopita yaingie, pengine ugomvi wa mwisho wa simu kati ya baba na mwana. Mhariri mzuri huutambua urefu unaoifaa hadithi, na humrudishia mwandishi ile ya dakika moja iliyovutwa hadi ikajaza tano.

Ufaransa ina mizizi katika sanaa hii. Mwaka 1906 Félix Fénéon aliliandikia gazeti la Le Matin la Paris zaidi ya habari 1,000, kila moja ya mistari mitatu, bila kuweka jina lake. Ajali, wivu, migomo na mauaji vyote vilipewa nafasi ileile finyu, naye mara nyingi alilichelewesha neno zito hadi mwisho. Leo habari hizo husomwa kama fasihi.

Mashine za Grenoble ziliwavuta wenye majina makubwa pia. Francis Ford Coppola, mwongozaji wa filamu ambaye mwaka 1997 alianzisha jarida la hadithi fupi la Zoetrope: All-Story, aliweka mashine moja katika mkahawa wake jijini San Francisco. Mashine zilipofika Canary Wharf, London, mwaka 2019, Anthony Horowitz, mtunzi wa riwaya za upelelezi, aliziandikia hadithi ya dakika moja. Mtu aliyezoea kurasa mamia alikubali kupimwa kwa utepe.

Afrika Mashariki wengi wetu tulikutana na hadithi fupi darasani. Nchini Kenya, Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, na baadaye Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, vilikuwa vitabu teule vya sekondari. Mtihani ulipokwisha, wengi waliviweka kando. Wasomaji hao wapo bado, na kila siku wanasubiri: kwenye foleni ya benki, kwenye benchi la zahanati, kwenye kituo cha daladala.

Mchapishaji wa Kiswahili anayetaka kuwafuata wasomaji hao halazimiki kuanza na mashine. Karatasi moja iliyokunjwa inatosha, mradi nyuma yake awepo mhariri aliyekaa na maneno 200 mpaka kila neno likajieleza kwa nini lipo. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi ya Grenoble, nayo haihitaji umeme. Natamani mmoja wa wachapishaji wetu ajaribu, na aanzie kwenye vivuko vya Likoni na Kigamboni. Abiria akishapanda hana pa kwenda mpaka ng'ambo, na muda huo unatosha kabisa kwa hadithi ya dakika tano.