Kuvunjika kwa Koleo: Vifaa katika Filamu za Mfululizo na Jicho la Mfugaji wa Rhamu

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na neno. Mhakiki hupima wahusika, muundo, lugha na dhamira, lakini kitu anachokishika mhusika mkononi hupitwa kwa haraka kana kwamba ni pambo tu. Fasihi yenyewe haikuvidharau vitu hivyo. Anayeukumbuka utendi wa Fumo Liyongo huikumbuka tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na huikumbuka sindano ya shaba iliyomwua shujaa kwa mkono wa mwanawe. Viondolewe vitu hivyo viwili na kisa hakisimami.

Makala hii inakusudia kuchunguza jambo lililo jirani na hilo: namna vifaa vinavyobadilika umbo, rangi au hali kutoka sehemu moja ya filamu ya mfululizo hadi sehemu nyingine, na jinsi badiliko hilo linavyoweza kusimulia yale ambayo wahusika hawakuyatamka. Hoja itakayotetewa ni kwamba badiliko la kifaa huwa usimulizi pale tu ambapo sehemu ifuatayo inaikumbuka sehemu iliyotangulia. Pasipo kumbukumbu hiyo, kifaa kipya ni bidhaa mpya, basi.

Yafaa istilahi zifafanuliwe mapema. Neno maleba limekwisha kukubalika kwa maana ya mavazi na mapambo anayoyavaa mwigizaji. Kwa vitu vinavyoshikwa, kutumiwa au kuwekwa mbele ya hadhira, makala hii itatumia neno vifaa. Mpaka kati ya mawili hayo si ukuta: kofia ikivuliwa na kuwekwa mezani imekwisha kuwa kifaa.

2. Nyumba inayosafiri

Rhamu ni mji ulio kando ya mto Daua, katika kaunti ya Mandera, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, uliokuwa na makao yake makuu Garissa, hadi utaratibu wa kaunti ulipoanza kutumika mwaka 2013. Wenyeji wake huzungumza Kigarre, Kisomali na Kiborana, na Kiswahili huwafikia zaidi kwa njia ya shule, soko na ofisi za serikali. Kwa nini mji huo uletwe katika mjadala wa filamu? Kwa sababu wafugaji wa ngamia wa eneo hilo wamerithi mfumo wa vitu ambao ndani yake kubadilika na kukumbuka ni jambo moja.

Nyumba ya mfugaji anayehama ni mali ya mwanamke. Mama na jamaa wa kike humsaidia binti kuiandaa anapoolewa. Fito zilizopindwa hushika umbo la kuba, na mikeka mizito ya nyuzi huzifunika. Siku ya kuhama, nyumba hiyo haiachwi nyuma. Mikeka iliyokuwa paa hutandikwa mgongoni mwa ngamia iwe tandiko, na fito zilizokuwa mbavu za nyumba hufungwa ubavuni mwake ziwe kiunzi cha kubebea mizigo. Wakifika malishoni, tandiko hurudi kuwa paa. Kitu ni kile kile, kazi ni nyingine. Aliyekuwapo katika hama iliyopita huitambua fito iliyovunjika njiani na kamba iliyoiunga.

Kadhalika chombo cha maziwa. Chombo kilichosukwa kwa nyuzi au kuchongwa kwa mti hufukizwa moshi wa kuni teule ili maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha. Kibuyu kikipata ufa hushonwa, na mshono huonekana. Katika miongo ya karibuni madumu ya plastiki yamechukua nafasi ya vyombo vingi vya namna hiyo, na maturubai yamechukua nafasi ya mikeka. Hakuna aliyekaa akapanga badiliko hilo ili liwe ishara. Lilisababishwa na ukame uliomaliza mifugo, na barabara, na soko. Walakini kila aonaye dumu mahali palipokuwa na chombo cha kusuka husoma hapo historia ya miaka mingi.

Kutokana na mifano hii zinapatikana kanuni mbili. Kwanza, kitu husimulia kwa alama za matumizi yake: mshono, kiraka, masizi ya moshi. Pili, badiliko linaweza kusimulia hata kama halikukusudiwa, mradi pawepo mtu anayekumbuka kilichotangulia.

3. Upanga na kofia

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni filamu za Star Wars, zilizoanza mwaka 1977. Katika filamu ya kwanza kijana Luke Skywalker anakabidhiwa upanga wa mwanga uliokuwa wa baba yake, wenye mwali wa buluu. Katika filamu ya 1980 anaupoteza pamoja na mkono wake, na aliyemkata ndiye yule anayejitambulisha kuwa baba huyo huyo. Katika filamu ya 1983 Luke anatokea na upanga mwingine aliouunda mwenyewe, na mwali wake ni wa kijani.

Hakuna hotuba inayoeleza kwamba kijana ameacha kuwa mrithi na amekuwa fundi. Kifaa kinaeleza. Baba mtu anapoushika upanga ule mpya na kuukagua, anatambua kwamba mwanawe amehitimu. Huo ni usomaji wa kifaa unaofanywa na mhusika ndani ya hadithi yenyewe, na ndiyo alama ya mfululizo wenye kumbukumbu.

Hapa mpinzani atatoa hoja nzito. Atasema kwamba rangi ya kijani haikutokana na falsafa yoyote: mwali wa buluu haukuonekana vizuri mbele ya anga ya buluu ya jangwani, na matangazo ya mwanzo ya filamu hiyo yaliuonyesha bado ukiwa wa buluu. Ataongeza kwamba mpini wa upanga wa 1977 ulitokana na mpini wa taa ya kamera ya Graflex, ambao Roger Christian aliukuta katika duka la vifaa vya picha mjini London. Je, si kujidanganya kutafuta maana katika mambo yaliyozaliwa na bajeti na dharura?

Jibu analo kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Kina humlazimisha mshairi kutafuta neno ambalo pengine asingelitumia. Mshairi hafifu hulipachika neno hilo, nalo hubaki likining'inia. Mshairi stadi huugeuza ubeti mzima hadi neno la kulazimishwa likawa ndilo hasa lililotakiwa. Anga la jangwani lilikuwa kina. Kijani kilikuwa neno lililopatikana. Hadithi ililipokea na kulifanyia kazi. Mhakiki hahukumu chanzo cha neno. Huhukumu kama limekaa.

Filamu za baadaye za mfululizo huo zinaonyesha kufaulu na kushindwa kwa pamoja. Upanga wa kwanza unarudi katika filamu ya 2015 bila hadithi kueleza ulivyopatikana. Swali linaahirishwa, na mtazamaji anabaki na deni lisilolipwa. Huo ni udhaifu, kwa kuwa kifaa kimerudishwa kwa ajili ya mapenzi ya hadhira kabla ya kurudishwa na kisa. Lakini mwaka 2017 upanga huo unavunjika vipande viwili ukigombaniwa na Rey na Kylo Ren, na mwaka 2019 unaonekana umeungwa, mpini wake umefungwa ukanda pale ulipovunjika. Mwishoni Rey anauzika mchangani na kuwasha upanga wake mwenyewe wenye mwali wa manjano, ambao mpini wake umetokana na gongo alilolibeba tangu filamu ya 2015. Mfugaji hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Gongo limekuwa upanga kama paa linavyokuwa tandiko.

Kofia ya Kylo Ren ni mfano ulio bora zaidi. Mwaka 2017 anaivunja kwa hasira baada ya kudhihakiwa na bwana wake kwa kuivaa. Mwaka 2019 mhunzi anaiunga, na nyufa zake zinaachwa zionekane, nyekundu, juu ya uso mweusi. Watengenezaji wangeweza kumpa kofia mpya inayong'aa, nayo ingeuzwa madukani vile vile. Walichagua mshono. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kofia ile inaongeza kwamba uhunzi wa kweli hauifichi siku ile koleo lilipovunjika.

4. Kiko cha Bwana Msa

Isidhaniwe kwamba kila mfululizo unadai kifaa kibadilike. Katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968), Bwana Msa hutambulikana kwa kiko chake. Kiko hicho, kama kile cha Sherlock Holmes, ni ahadi kwa msomaji: mambo yatachafuka, watu watadanganya, lakini akili itakayoyapambanua ni ile ile. Katika aina hiyo ya utanzu, kisa huanza upya kila mara na mpelelezi hazeeki kwa lililompata. Kifaa kisichobadilika kinafaa kwa mhusika asiyebadilika.

Tatizo huzuka pale ambapo kisa kinadai kwamba miaka imepita na watu wameumia, huku vifaa vikibaki vipya. Hapo pana uongo. Na kinyume chake kipo pia: vifaa vinabadilika kila sehemu, ilhali hakuna lililowapata wahusika. Huo ni uchuuzi.

5. Wakanda na deni la Afrika

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Waafrika. Filamu ya Black Panther (2018) ilipokewa kwa shangwe katika Afrika Mashariki. Wahusika wake wanazungumza Kixhosa, na maleba yaliyobuniwa na Ruth E. Carter yalichota kutoka kwa jamii nyingi: mablanketi ya Wasotho, pete za shingoni mfano wa zile za Wandebele, na wekundu unaowakumbusha watazamaji Wamaasai. Fahari ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo, mhakiki ana wajibu wa kuuliza: blanketi lile lina historia gani ndani ya Wakanda? Mtazamaji anajua lilikotoka Lesotho. Hadithi haimwambii lilikotoka Wakanda. Katika filamu ya kwanza vitu vingi vya Afrika vina asili lakini havina maisha.

Ilikuwa filamu ya pili, Wakanda Forever (2022), iliyotengenezwa baada ya kifo cha Chadwick Boseman mwezi Agosti 2020, iliyovipa baadhi ya vifaa maisha. Mwaka 2018 Killmonger aliamuru bustani ya mmea wa kifalme ichomwe moto. Mwaka 2022 mmea haupo, na kutokuwapo kwake ndiko kunakoanzisha msiba: Shuri anashindwa kuuunda upya kabla kaka yake hajafa. Tena, katika filamu ya kwanza palikuwa na mikufu miwili yenye kuhifadhi vazi la vita. T'Challa alichagua wa fedha usiojionyesha. Killmonger akajitwalia wa dhahabu. Katika filamu ya pili vazi la Shuri limechanganya dhahabu na fedha. Hakuna mhusika anayelieleza jambo hilo. Lakini mtazamaji ameshamwona Shuri akikutana na Killmonger katika ulimwengu wa wahenga, mahali alipotaraji kumkuta mama yake, na anaelewa kwamba moyo wake umegawanyika kati ya huruma ya kaka na kisasi cha binamu. Vazi limesema hivyo kabla yake.

Filamu ile inakwisha kwa Shuri kuyachoma moto mavazi ya maombolezo ufukweni. Vazi jeupe lililokuwa maleba ya mazishi mwanzoni limekuwa kifaa cha kumaliza eda mwishoni. Kwa mara ya kwanza, kitu cha Wakanda kimezeeka ndani ya Wakanda.

6. Hitimisho

Jambo lililo hatarini hapa ni kubwa kuliko ustadi wa karakana za filamu. Mfugaji wa kaskazini mwa Kenya amezoea kuonyeshwa katika picha za watalii na matangazo akiwa na fimbo, ngamia na mtungi ule ule, mwaka baada ya mwaka. Kifaa chake hakivunjiki wala hakishonwi. Kumnyima mtu kifaa kinachobadilika ni kumnyima historia. Ni kumfanya Bwana Msa bila kumpa akili ya Bwana Msa.

Iko filamu moja fupi inayoonyesha njia nyingine. Watu Wote (2017), iliyoongozwa na Katja Benrath na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, inatokana na shambulio la tarehe 21 Desemba 2015 dhidi ya basi lililokuwa likielekea Mandera, karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo, na wanawake waliwapa wenzao hijabu wajistiri wasitambuliwe. Mmoja wa abiria, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi Januari 2016. Katika kisa hicho kitambaa cha kichwani kinabadilika mbele ya macho ya hadhira: kilikuwa alama ya dini ya mmoja, kimekuwa ngao ya mwingine.

Filamu ile inajitosheleza. Lakini anayetaka kuipima hoja ya makala hii na ajiulize: kama ingetungwa sehemu ya pili, kitambaa kile kingekuwa wapi? Kingerudishwa kwa mwenyewe, kimefuliwa? Kingewekwa sandukuni na yule aliyekiazima? Kingeonekana kichwani mwa mtoto aliyezaliwa baadaye asiyejua habari zake? Mtunzi atakayekosa jibu la swali hilo bado hajawa na sehemu ya pili, hata akiwa na wahusika wote, fedha zote na mandhari yote ya Mandera. Mwanamke wa Rhamu, afunguapo mikeka yake mwisho wa safari, analijua jibu la kila fito.